Kabla Hujanunua Kalipa Nyekundu

Vijana wengi wa Likasi wanaoleta Mark X huwa wana orodha kichwani kabla gari halijavuka mpaka wa Kasumbalesa: rimu za inchi 19, eksozi yenye mlio, springi za kushusha gari, na mwisho kabisa kalipa kubwa nyekundu za breki zenye jina la Brembo. Rimu na eksozi ni mambo ya macho na masikio, kila mtu na raha yake. Breki ni habari nyingine. Ukikosea kununua taa, utaijua kasoro jioni hiyohiyo. Ukikosea kununua breki, gari linaweza kukutii mjini mwezi mzima, halafu likakukatalia siku moja nyuma ya lori la shaba.

Nazungumza hapa na mwenye gari lenye nguvu kuliko ya kawaida lakini la kutumia kila siku: Mark X, Crown Athlete, Altezza, Subaru Impreza au Forester yenye tabo. Gari la kupeleka watoto shule Panda asubuhi na kushuka Lubumbashi Jumamosi. Kama unajenga gari la mashindano, mengi ya hapa chini hayatakutosha.

Tuanze na barabara, maana breki hununuliwa kwa ajili ya barabara unayopita. Kutoka hapa Likasi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120 za Barabara ya Taifa namba 1, na barabara hiyohiyo ndiyo inayobeba malori ya migodi kutoka Kolwezi: shaba, kobalti, matenki ya asidi, chokaa. Magari yetu yametoka Japani na usukani wake uko kulia, ilhali Kongo tunaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo unapotaka kulipita lori, wewe dereva umekaa upande wa majani. Anayeona kinachokuja ni abiria wako wa kushoto. Ukiwa peke yako, unatoa nusu ya gari nje ndipo uone. Unakanyaga mafuta, gari linafika 110, mara taa za lori jingine zinajitokeza mbele yako, unashika breki kwa nguvu mpaka 50 na kurudi kwenye foleni. Dakika moja baadaye unajaribu tena. Na tena.

Mchezo huo ndio unaoua breki barabarani kwetu. Kusimama kwa nguvu mara moja, breki za kiwandani zinakuweza. Taabu ni kusimama mara ya tatu na ya nne bila nafasi ya kupoa.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Na joto hilo haliongezeki sawasawa na kasi. Linaongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 60 kwa saa lina nishati ya kilojuli 208 hivi. Likienda 120 lina 833. Kasi imekuwa mara mbili, joto mara nne. Tukichukulia kwamba breki za mbele hubeba kama asilimia 70 ya kazi, na kila diski ya mbele ina kilo 8, kusimama mara moja kutoka 120 kunaipandisha diski hiyo joto karibu nyuzi 80 za Selsiasi. Fanya hivyo mara tatu mfululizo na umeongeza nyuzi zaidi ya 200 juu ya joto ililokuwa nalo. Hapo pedi za bei rahisi zinaanza kuteleza juu ya diski, mguu unakanyaga kwa nguvu zote, gari linaendelea tu. Na mafuta ya breki yakichemka, hali inakuwa mbaya zaidi: pedeli inashuka mpaka chini, kwa sababu mvuke hukandamizika na mafuta hayakandamiziki.

Basi unapotaka kuboresha breki, jiulize kwanza unapigana na nini. Kama gari halisimami vizuri hata mara ya kwanza asubuhi, tatizo lako ni tairi au breki mbovu, na kalipa kubwa hazitaliponya. Kama linasimama vizuri mara ya kwanza na kudhoofika baadaye, adui yako ni joto, na hapo ndipo pesa ya maboresho inapofanya kazi.

Tairi, basi. Kipimo chake ni rahisi: tafuta barabara kavu isiyo na mtu, kimbia 50, kanyaga breki kwa ghafla. ABS ikigonga chini ya mguu wako, maana yake breki tayari zina nguvu kuliko tairi inavyoweza kushika lami. Ukifunga kalipa za bei ya gari lenyewe, ABS itagonga vilevile na gari litasimama palepale. Hesabu inasema hivi: kutoka 100 kwa saa, tairi zinazoshika vizuri lami kavu zinakusimamisha kwa kama mita 44 tangu pedeli ilipokanyagwa. Tairi zikishika kidogo zaidi ya nusu ya hapo, unahitaji kama mita 79. Kalipa ni zilezile.

Sasa nenda ukaangalie ubavu wa tairi ulizopokea pamoja na gari. Magari mengi ya mitumba ya Japani huja na tairi za theluji, kwa sababu mwenye gari wa kwanza alikuwa Hokkaido au milimani. Ubavuni utakuta neno STUDLESS, na uso wa tairi umejaa mikato midogo midogo kama nyuzi. Raba yake imetengenezwa iwe laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Oktoba ya Katanga inalegea, inayumba na kuisha haraka. Angalia pia ule mstari wa herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi ya miaka kumi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imekauka kama ubao. Mimi ningeweka pesa ya kwanza hapa, kabla ya kugusa chochote chenye pistoni.

Pesa ya pili ni ya mafuta ya breki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mafuta haya, yale ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hunyonya maji kutoka hewani kama chumvi ya mezani wakati wa mvua. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka kinashuka. DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu, kipimo kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na unyevu. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari lililokaa bandarini, likapanda meli, likashushwa Dar es Salaam, likavuka Tunduma na Zambia, halafu likaendeshwa hapa mvua tatu bila mtu kufungua kizibo, lina mafuta ya aina ya pili, haijalishi kopo lilisema nini siku ya kwanza. Kubadili kila miaka miwili kunatosha kwa matumizi ya kawaida. Kama unashuka Lubumbashi kila wiki kwa haraka, fanya kila mwaka.

Kwa gari la aina hii DOT 4 nzuri inatosha; DOT 5.1 ni nzuri zaidi na inachanganyika nayo. DOT 5 bila ile nukta moja ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, na haikubaliani na hizo nyingine. Usiinunue hata kama muuzaji anaapa kwamba tano ni kubwa kuliko nne. Nunua kopo dogo lililofungwa, litumie siku hiyohiyo. Kopo lililofunguliwa na kukaa rafuni miezi sita limeshanyonya unyevu wake.

Kutoa upepo kuna utaratibu. Kwa kawaida huanza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda. Magari ya usukani wa kulia yana masta silinda upande wa kulia, kwa hiyo iliyo mbali ni ya nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yenye ABS, Subaru zikiwemo, yana mpangilio wake, kwa hiyo angalia kitabu cha gari kabla fundi hajakuambia kwamba yote ni sawa. Tumia bomba dogo la plastiki linaloonyesha ndani, lizamishe kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage polepole, aseme amekanyaga, fundi afungue skrubu, mafuta yatoke, fundi afunge, ndipo msaidizi aachie mguu. Mtu akiachia kabla skrubu haijafungwa, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Tenki la juu lisishuke likaisha. Na kwenye gari lililotembea sana, usikubali msaidizi akanyage pedeli mpaka sakafuni: mpira wa ndani ya masta silinda utapita kwenye sehemu ya silinda isiyotumika kila siku, yenye kutu na uchafu, ukachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli. Wengi wameondoka gereji na masta silinda iliyokufa siku ileile waliyobadilisha mafuta, wakadhani ni bahati mbaya.

Jambo moja la kusimamia kwa macho yako: hakuna petroli, dizeli wala mafuta ya injini karibu na sehemu yoyote ya breki yenye mpira. Mipira hiyo huvimba ikiguswa na mafuta ya madini. Kuosha ni kwa dawa ya breki au spiriti, basi.

Sasa ondoa tairi moja utazame kilichopo. Likasi ina vumbi jekundu kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba, na vumbi hilo linaingia kila mahali. Kalipa za pistoni moja, ambazo ndizo zilizo kwenye magari mengi, hutegemea pini mbili zinazoteleza ili kalipa ibane diski pande zote mbili. Kifuniko cha mpira cha pini kikipasuka, vumbi linaingia, grisi inakauka, pini inakwama. Matokeo yake pedi ya ndani inaisha na ya nje bado nene, gari linavuta upande mmoja, na upande huo joto linapanda hata ukienda polepole. Nimewaona watu wakitafuta kalipa kubwa kwa gari ambalo pini zake mbili kati ya nne zilikuwa zimekwama. Zitoe, zisafishe, paka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, badilisha vifuniko vya mpira. Pistoni irudi ndani kwa mkono wa kawaida bila kung'ang'ania. Kalipa inapotolewa isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifungwe kwa waya kwenye springi.

Wakati wa kazi hii usimruhusu mtu kupuliza vumbi la breki kwa kompresa. Pedi nyingine zisizojulikana zimetoka wapi huwa na asbesto, na vumbi lake linakaa kwenye mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Baada ya hapo ndipo pedi. Hapa kwetu wengi wanaziita plakete, na duka lolote la vipuri Kikula litakuelewa kwa jina hilo. Mazungumzo huwa hivi:

"Papa, niko natafuta plakete za Mark X."

"Za mbele ao za nyuma? Uko na ya zamani?"

"Nimeitupa."

"Basi enda uitafute, ao ulete gari."

Mzee huyo ana haki. Mark X ya 2.5 na ya 3.0 au 3.5 zinaweza kuwa na kalipa tofauti, na jina la gari peke yake halitoshi. Beba ya zamani. Ukiishika mpya mkononi, tazama ukingo wake: mara nyingi kuna msimbo unaoishia na herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa moto. E ni mgawo wa msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inakuambia yenyewe kwamba itapungua nguvu ikipata joto. Kwa gari lako tafuta FF au zaidi. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote, iliyofungwa kwenye boksi lenye rangi nzuri, mimi siigusi. Pedi zilizopimwa kwa kanuni ya Ulaya huwa na alama ya E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Hiyo nayo ni dalili nzuri, ingawa nayo huigizwa.

Usivutwe na pedi za mashindano. Nyingi zinahitaji joto ndipo zishike, na asubuhi ya Juni hapa Likasi, baridi ikiwa kali na wewe unatoka nyumbani kuelekea mzunguko wa kwanza, utakanyaga pedeli na kukuta ubao. Unachotaka ni pedi ya barabarani yenye kiwango cha juu, inayoshika ikiwa baridi na isiyokufa ikipata moto. Kwa hali ya kawaida ya barabara yetu, tairi nzuri, mafuta mapya, kalipa zilizohudumiwa na pedi za namna hiyo zinakupa karibu kila kitu unachokihitaji, na bado hujagusa bei ya hizo nyekundu.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa na diski. Jumapili asubuhi, kwenye kipande cha barabara kisicho na watu, punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 kama mara kumi, kwa mguu wa wastani kuelekea mzito, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi kidogo kati ya mara moja na nyingine. Utasikia harufu, ni kawaida. Kisha endesha dakika kumi bila kushika breki ili zipoe. Usisimame ukiwa umeshikilia pedeli, kwa sababu pedi ya moto ikikaa mahali pamoja inaacha alama kwenye diski. Mtetemeko ambao wengi wanausikia kwenye usukani na kusema diski imepinda, mara nyingi ni alama hizo, au ni nati za tairi zilizokazwa vibaya. Toyota nyingi zinataka nati zikazwe kwa nyutoni-mita 103. Kijana anayeruka juu ya spana kwa miguu miwili anakaza mara mbili au tatu ya hapo, nati moja zaidi ya nyingine, na diski inakaa upande. Spana ya kupimia nguvu ni kifaa ambacho kila mwenye gari la namna hii angepaswa kuwa nacho nyumbani.

Diski sitazisemea sana. Angalia unene, kiwango cha chini kimeandikwa kwenye diski yenyewe kwa herufi MIN TH na milimita. Ikiwa chini ya hapo, badilisha zote mbili za mhimili mmoja. Diski za matundu zinapendeza, lakini matundu yaliyotobolewa kwenye diski ya bei rahisi ndiyo mahali ufa unapoanzia. Diski laini yenye mapengo ya hewa katikati, ya chuma kizuri, inapoa vizuri na kudumu. Zenye mifereji zinasaidia kidogo kwenye mvua na hazina ubaya mkubwa zaidi ya kula pedi.

Mipira ya breki iliyofunikwa kwa nyuzi za chuma inafanya pedeli iwe ngumu na ya kueleweka, kwa sababu mpira wa kawaida uliozeeka huvimba unapokanyaga. Haipunguzi umbali wa kusimama. Kama mipira yako ina miaka 15 na ina nyufa, ibadilishe, uchague hiyo ya chuma ukiweza. Hakikisha tu haigusi tairi usukani ukizungushwa mpaka mwisho kila upande, na gari likiwa limeinuliwa na likiwa chini.

Sasa, wale ambao bado wanataka kalipa kubwa. Siwakatazi. Kuna magari yanayozihitaji, hasa Subaru iliyoongezwa nguvu au Mark X inayokwenda Kolwezi na kurudi kila juma, na kuna njia ya kuzipata bila kununua mpya kutoka ng'ambo: kuchukua breki za ndugu yake mkubwa wa kiwandani. Mfano ninaoupenda ni Lexus IS ya mwaka 2006. IS 250 ina diski za mbele za milimita 296. IS 350 ina za milimita 334 na kalipa za pistoni nne. Mark X ya kwanza, iliyotengenezwa tangu 2004 hadi 2009, iko karibu sana kimaumbile na Lexus hizo. Kwa Subaru, Impreza WRX STI nyingi za miaka ya 2000 zilikuja na Brembo za kiwandani: pistoni nne mbele na diski za 326, pistoni mbili nyuma na diski za 316. Vipuri hivyo huingia kutoka Japani pamoja na nusu-gari zinazokatwa kwa ajili ya injini. Lakini udugu wa magari si kipimo. Pima umbali wa matundu ya boliti, pima kipenyo cha habu, na usikubali adapta iliyochongwa kwa bati la uchomeleaji.

Ukipanua diski kutoka 296 hadi 334, mkono wa nguvu unarefuka kwa kama asilimia 13. Hiyo ni nguvu unayoiongeza mbele bila kugusa nyuma, na hapo ndipo wengi wanaharibu gari. Breki za mbele zikizidi, tairi za mbele zinafika mwisho wa mshiko mapema, ABS inagonga, na za nyuma zinakuwa hazijafanya sehemu yao. Gari linaweza kusimama mbali kuliko zamani, likiwa na kalipa za bei kubwa. Kwa hiyo linganisha pistoni. Kalipa ya kuteleza yenye pistoni moja ya milimita 60 ina eneo la sentimita mraba 28 hivi. Kalipa isiyoteleza yenye pistoni nne huhesabiwa upande mmoja tu: pistoni mbili za milimita 42 zina kama 27.7. Hizo zinakaribiana, na pedeli yako haitabadilika sana. Pistoni mbili za milimita 48 upande mmoja zina zaidi ya 36. Hapo pedeli itashuka chini kwa sababu masta silinda ileile inajaza nafasi kubwa zaidi, na mbele itazidi nyuma. Kama unafunga kubwa mbele, tafuta na za nyuma za gari lilelile. Na nyuma kuna mtego wake: kwenye Mark X na Crown, breki ya kuegesha ni viatu vilivyojificha ndani ya kofia ya diski ya nyuma. Diski kubwa yenye kofia ya kipenyo tofauti itakuacha bila breki ya kuegesha, na Likasi si mji wa tambarare.

Rimu nayo ina la kusema. Brembo za STI hazikai ndani ya rimu za inchi 16. Kabla ya kulipa, kata karatasi ngumu kwa umbo la kalipa na uiweke ndani ya rimu yako, maana mara nyingi kinachogusa ni mkono wa rimu, hata kama kipenyo kinatosha. Na kumbuka unaposhawishika na rimu za 19 au 20 ili kalipa zionekane: rimu kubwa nzito zinazunguka na uzito wake wote pembeni, na breki zako zinalazimika kuusimamisha uzito huo pia.

Wanaoshindana duniani wanajua kwamba breki kubwa si bora kila mahali. Magari ya daraja la juu ya mbio za dunia, yale yanayokuja kwenye Safari Rally ya Kenya tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hufungwa diski za milimita 370 kwenye lami, lakini kwenye udongo hutumia za 300 ndani ya rimu za inchi 15. Wahandisi wenye pesa zote hizo wanapunguza breki barabara ikiwa haina mshiko, ili tairi ziwe na ubavu mnene wa kuvumilia mawe. Mtu anayekaa kwenye mtaa wa udongo Shituru, akipita lami kilomita chache kwa siku, angelifikiria hilo.

Kuna pia vifuniko vya plastiki vyekundu vinavyobandikwa juu ya kalipa ya kawaida. Kama ni urembo tu, huo ni uamuzi wako, ila vinazuia hewa kufika mahali inapohitajika, na vikilegea vinasuguana na rimu. Kupaka kalipa rangi ya kuvumilia joto kunapendeza zaidi na hakudhuru.

Kazi ikiisha, usitoke gereji moja kwa moja kwenda Lubumbashi. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga pedeli kwa nguvu na uishikilie dakika nzima; ikizama polepole, kuna mahali panapovuja. Weka karatasi chini ya kila tairi usiku. Zunguka mtaani ukisimama kutoka 30, kisha 50, mikono ikiwa nyepesi kwenye usukani ili usikie kama gari linavuta. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena kwa kipimo. Gusa hewa karibu na kila rimu kwa kiganja bila kugusa chuma: moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa mhimili uleule, rudi kwa fundi siku hiyohiyo.

Na ukifika mjini kutoka safari, pita sehemu ya kuoshea magari baada ya kunywa chai yako, usipite kabla. Vijana wa pale wanaanza na rimu, kwa maji baridi ya mpira yenye presha, na diski yenye nyuzi 200 ikimwagiwa maji ya namna hiyo inaweza kupasuka au kupinda hapohapo. Waambie waanze na paa.